Mnaokuja Kupro (Saiprasi) mwezi wa tisa: picha za ufukweni zinawadanganya, huku mvua inakuja na baridi

Nyerenyere:

Wakuu, habari za majukumu.

Kila ikifika Julai meseji zinaanza kumiminika kutoka kwa vijana waliopata nafasi za vyuo huku Kupro, na swali ni lile lile: eti kuna baridi? Wakala kawaambia hakuna. Kawaonyesha picha za watu wamejilaza ufukweni, bahari ya buluu na miavuli, kijana wa watu anafunga begi la fulana na kaptula. Picha zenyewe ni za kweli, ila zimepigwa Agosti. Masomo yanaanza mwishoni mwa Septemba na kuisha Juni, kwa hiyo mwanafunzi anafika kiangazi kikiwa kinaaga, na akifunga chuo ndiyo kwanza kinarudi. Msimu wa kwenye picha ni ule ambao wengi wapo likizo au wapo vibaruani.

Kisiwa kimegawanyika, kaskazini kwa Waturuki na kusini kwa Wagiriki. Mimi nipo Nicosia, upande wa kaskazini, wenyeji wanaita Lefkoşa. Nitaandika ninachokijua kuhusu hali ya hewa ya kisiwa hiki, wengine mtajazia.

Jambo linalowachanganya watu wetu kuliko yote ni kwamba huku mvua na joto havikutani. Masika ya Dar unanyeshewa huku unatoka jasho, na jua likichomoza umekauka. Huku mvua ina miezi yake, nayo ndiyo miezi ya baridi. Desemba, Januari na Februari peke yake hubeba karibu asilimia 60 ya mvua ya mwaka mzima. Kuanzia Juni mpaka katikati ya Septemba unaweza usione tone. Majani yanakauka wakati wa joto na kuota wakati wa baridi. Mkulima wa shayiri anapanda Novemba na kuvuna Mei.

Kwa nini iko hivyo? Wasiopenda jografia waruke aya hii. Hewa ya moto inayopaa kwenye ukanda wetu wa ikweta na kutupa mvua haipotelei huko juu. Inasambaa kwenda kaskazini na kusini, inapoa, kisha inashuka maeneo ya nyuzi 30 za latitudo. Hewa ikishuka inabanwa, inapata joto, inakauka, na mawingu hayajengeki ndani yake. Sahara iko pale ilipo kwa sababu hiyo. Kupro ipo nyuzi 35 kaskazini, pembeni kidogo ya ukanda huo. Katikati ya mwaka jua likihamia kaskazini, ukanda mzima nao unasogea na kukifunika kisiwa. Kufika Novemba unarudi kusini, na hapo dhoruba za kutoka magharibi zinapata njia. Zinapita juu ya bahari ambayo bado ina vuguvugu la kiangazi, zinabeba unyevu, zinaumwaga zinapokutana na milima. Nyingine huzaliwa au kupata nguvu upya hapa hapa jirani, mpaka watabiri wa Israeli na Lebanoni wakieleza mvua yao wanautaja mgandamizo mdogo wa Kupro.

Kwa hiyo ile hewa iliyowapa mvua Kampala na Kisumu ndiyo hiyo hiyo, kwa maana ya mzunguko, inayokuja kutukausha huku. Nikimaliza chai nitaendelea.

Sista Duu:

Ngoja nikae hapa mbele kabisa. Mdogo wangu anakuja huko Septemba.

Mkinga Original:

Mkuu toa namba. "Baridi" ya watu wa Dar ni nyuzi 20 mtu anavaa sweta. Sisi wa Makete tunaamka na sakitu shambani, mtu asitutishe.

Nyerenyere:

@Mkinga Original haya, namba. Nicosia mwezi Januari usiku wastani ni nyuzi 5, mchana inafika 15 au 16. Zipo usiku chache zinazogusa sifuri, na sakitu inaonekana kwenye uwanda wa kati. Ukisoma hivyo utasema si kitu, na ukiwa nje mchana kweli si kitu, jua likitoka unavua koti.

Shida iko ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za kupanga zimejengwa kwa kupigana na kiangazi: kuta za zege, sakafu ya vigae, madirisha yanayopitisha upepo pembeni, na hakuna mfumo wowote wa kupasha joto. Zege lilipokea jua miezi 5, linachelewa kupoa, ndiyo maana Novemba bado unalala na shuka. Likishapoa sasa, mpaka Machi halirudi. Unatoka nje kwenye jua nyuzi 15, unaingia chumbani unakuta ubaridi wa kaburi. Makete mna moto jikoni, mnakaa kuuzunguka. Huku kuna kiyoyozi ukutani ambacho kinatoa hewa ya moto pia, na bili ya umeme inayokufanya ukizime.

Halafu unyevu. Mvua inanyesha, nguo hazikauki, unazianika chumbani, madirisha umefunga, kufika Februari kona ya ukuta ina kuvu nyeusi. Fungua madirisha nusu saa kila siku hata kama inauma. Kitanda kisigusane na ukuta wa nje.

Na hili naomba mlisome vizuri: msiwashe mkaa chumbani. Hita ya gesi nayo iachiwe upenyo wa hewa na izimwe kabla ya kulala. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na haijali kama uko Makete au Ulaya.

BintiKongowea:

Asante kaka kwa uzi. Mie ni mtu wa Mombasa, huko Famagusta nina dada yangu, aliniambia mwezi wa kwanza analala na soksi mbili na kofia, nikamcheka. Sasa nauliza, nguo ninunue huku au nije kununua huko?

Nyerenyere:

Dada, wewe una bahati, soko lenyewe umelibeba kwenye jina. Kongowea, Gikomba, Karume: mtumba wa baridi unaoletwa kwetu kutoka Ulaya unauzwa rahisi kwa sababu wateja ni wachache. Chukua koti moja la maana lenye kofia lisilopitisha maji, sweta mbili, soksi nzito, na zile nguo za ndani za kubana za mikono mirefu. Buti ziwe za kuzuia maji. Mifereji ya mitaa ya huku ni dhaifu, mvua ya nusu saa barabara inageuka mto.

Usibebe blanketi wala duveti, vinakula kilo za bure, vinapatikana hapa. Na usiache nguo zako nyepesi. Septemba yote na Oktoba karibu yote utazihitaji.

Baba Furaha GOM:

Jambo bandugu. Miye niko Girne, natoka Goma. Baridi ya hapa miye haiko tatizo, Goma na Bukavu tunazoea. Jua ndiyo ilitaka kuniua. Mwezi wa saba nilipata kazi ya kubeba vyombo ku hoteli, saa sita ya muchana hata mbwa haitembei. Nyerenyere, ongea ya kiangazi.

Nyerenyere:

Baba Furaha kagusa penyewe. Kiangazi basi.

Kuna ramani mbili hapa. Ya kwanza ni uwanda wa kati, Mesaoria, ambako Nicosia ipo. Umezibwa na milima ya Troodos upande wa kusini-magharibi na safu ya Beşparmak upande wa kaskazini, upepo wa bahari unafika ukiwa umechoka. Julai na Agosti wastani wa joto la mchana ni kama nyuzi 37, na wiki za kupita 40 ni za kawaida. Tarehe 4 Septemba 2020 Nicosia ilipimwa nyuzi 46.2. Septemba hiyo! Mwezi ambao mnadhani kiangazi kimekwisha.

Ramani ya pili ni pwani: Girne, Famagusta, Larnaca, Limassol. Namba ni ndogo, 32 au 33, lakini kuna unyevu, na usiku haupoi. Mtu wa Tanga au Mombasa ataielewa haraka. Nicosia mchana ni tanuri, ila usiku unapata nyuzi 22 na kaupepo. Mimi kama ni kuchagua nachagua joto kavu la Nicosia, wapo watakaonipinga.

Joto hilo halina mawingu ya kulipunguza. Kwa miezi 6 ya kiangazi jua linaonekana wastani wa saa 11 na nusu kwa siku. Juni siku yenyewe ina mwanga wa saa 14 na nusu hivi. Sisi tuliozoea saa 12 za mwanga na giza saa moja jioni tunapata shida kidogo kulala.

Wenyeji wana utaratibu wao na uufuate. Asubuhi mapema shughuli, mchana madirisha na mapazia yamefungwa, jioni mji unaamka. Joto likizidi viwango, mamlaka hutoa amri kazi za nje zisimame kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi. Kama bosi wako anakwambia uendelee juani muda huo, jua anavunja agizo.

Baba Furaha GOM:

Ile amri ku karatasi iko. Ku chantier ya kujenga, sijui.

Nyerenyere:

Ndiyo hivyo kaka. Na anayeumia ni yule asiye na kibali cha kazi, kwa sababu hana pa kulalamika.

Juu ya hilo kuna moto wa misitu. Kiangazi kikikolea, majani yote yaliyoota wakati wa mvua yamekuwa makavu, ni petroli tupu. Julai 2021 moto ulianzia karibu na kijiji cha Arakapas, chini ya Troodos, ukaua vibarua 4 wa Kimisri waliokuwa wakijaribu kuukimbia. Julai 2025 vilima vya nyuma ya Limassol vikaungua tena, zaidi ya kilomita 100 za mraba, watu 2 wakafa kwenye gari lao. Ona msururu wake: baridi ikiwa na mvua nzuri, majani yanajaa, yakikauka yanakuwa chakula cha moto. Baridi ikikosa mvua, miti yenyewe inakuwa kiberiti. Hakuna mwaka wa salama kabisa.

Mjukuu wa Nahodha:

Salaam aleikum wakuu. Mie wa Pemba, nimefuatilia kimya. Nataka kuuliza habari ya upepo, maana nyote mmetaja jua na mvua, hapana aliyetaja pepo. Sisi mwaka tunaugawa kwa kaskazi na kusi. Huko je?

Nyerenyere:

Waaleikum salaam, ami. Hapa hakuna upepo unaogeuka nusu mwaka huku na nusu mwaka kule kama wenu. Kwa jumla pepo zao zinatoka magharibi. Kiangazi zinatoka zaidi kaskazini-magharibi au magharibi, na pwani kuna pepo zake: mchana upepo unatoka baharini, usiku unarudi kutoka bara. Baridi dhoruba zinapishana, upepo unazunguka pande zote ndani ya siku mbili. Zinapokatika katikati ya Januari huwa wanapata siku kadhaa za jua tulivu, Wagiriki wanaziita siku za Alkyoni, ndege yule mdiria kwa lugha yetu.

Upepo wa kuuogopa ni ule wa kutoka kusini na mashariki, mara nyingi majira ya kuchipua na ya kupukutika majani. Huo unabeba vumbi, la Sahara au la Syria. Septemba 2015 vumbi lilifunika kisiwa chote siku kadhaa, ndege zikaelekezwa viwanja vingine kwa kutoona njia. Wenye pumu waje na dawa zao na cheti cha daktari.

Mwinjilisti Mstaafu:

Wapendwa, mkitaka kuuona upepo wa magharibi wa huko kasomeni Matendo 27. Paulo yuko safarini kwenda Italia, merikebu inatoka Sidoni, inapita chini ya Kipro, yaani upande uliokingwa na kisiwa, kwa kuwa pepo zilikuwa za mbisho. Mnaona? Anakwenda magharibi, upepo unatoka magharibi. Na akawaonya mapema kwamba wakati wa kusafiri umepita, siku ya kufunga imekwisha kupita, hiyo ni kama mwezi wa kumi hivi. Hawakumsikiliza. Wakaja kutupwa Melita kwenye mvua na baridi, wenyeji wakawawashia moto. Miaka yote nimeihubiri habari ile kama ya imani peke yake. Nyerenyere leo amenipa jografia yake.

Mjukuu wa Nahodha:

Mbisho! Neno hilo vijana wa leo hawalijui, wenye majahazi tu. Ahsante mzee.

Na mimi nitie langu. Kisiwa hicho ndiko alikozikwa Ummu Haram, radhi za Allah zimshukie, aliyekwenda na jeshi la kwanza la Kiislamu lililovuka bahari, karne ya 7. Alianguka kwenye kipando chake akafia huko. Naona kwenye picha kaburi lake liko kando ya ziwa, msimu mwingine ziwa lina maji, mwingine limekuwa jeupe. Ndilo hilo hilo moja?

Nyerenyere:

Ndilo hilo hilo ami, ziwa la chumvi la Larnaca, na msikiti uko ukingoni, wanauita Hala Sultan Tekke. Baridi mvua inalijaza, heroe wanatua kwa maelfu kuanzia Novemba hivi, wanakaa mpaka Machi. Kiangazi maji yote yanakwenda na hewa, linabaki ganda la chumvi linaloumiza macho. Zamani chumvi ile ilichotwa na kuuzwa. Ukitaka kueleza hali ya hewa ya kisiwa hiki bila maneno, mwonyeshe mtu picha mbili za ziwa lile, ya Februari na ya Agosti.

Wanafunzi wa upande wa kaskazini tatizo letu ni kwamba viza zetu wengi hazituruhusu kuvuka kwenda kusini, kwa hiyo Larnaca na Troodos tunaviona kwenye simu. Troodos kidogo tunaiona kwa macho: siku ya jua baada ya mvua ya Januari, ukipanda ghorofani hapa Nicosia, unaona weupe kule juu.

Sista Duu:

Weupe gani? Theluji? Kisiwani?

Nyerenyere:

Theluji dada, na watu wanateleza juu yake. Kilele cha Troodos kinaitwa Olympus, mita 1,952. Theluji huanguka karibu kila mwaka juu ya mita 1,000, kati ya Desemba na katikati ya Aprili, na upande wa kaskazini wa mlima inaweza kukaa wiki kadhaa. Huku chini, siku hiyo hiyo, kuna watalii wa Kirusi na Kiingereza wanaogelea. Bahari haipoi sana, Februari ni nyuzi 16 au 17, Agosti 27 au 28. Mimi Februari siingii. Oktoba ndiyo mwezi wa kuogelea kwa mtu wetu: maji bado ya Agosti, jua limepoa.

Mlima huo ndio unaogawa mvua. Mawingu yanatoka kusini-magharibi, yakipanda yanapoa na kumwaga. Chini ya mteremko ule mvua ni kama milimita 450 kwa mwaka, kileleni inakaribia 1,100. Ng'ambo ya pili, uwandani kwetu, inabaki 300 mpaka 350. Anayejua Kilimanjaro ataelewa mara moja, Marangu kijani, Amboseli vumbi.

Mkinga Original:

Milimita 300 ni jangwa hilo mkuu. Dodoma yenyewe inapata zaidi ya 500. Wanakunywa nini?

Nyerenyere:

Hapo ndipo penye habari yenyewe ya kisiwa hiki, na ndipo pananigusa kwa sababu natoka mkoa wa mabwawa.

Kupro haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima mpaka baharini. Wamejenga mabwawa karibu kila bonde lenye maana. Kubwa kuliko yote ni Kouris, kaskazini-magharibi ya Limassol, linabeba mita za ujazo milioni 115. Wakati wa kulijenga kijiji cha Alassa kilihamishwa, kanisa la Mtakatifu Nikolasi likabaki bondeni. Maji yakijaa kanisa linazama, yakipungua linachomoza, na watu wanaliangalia kujua hali ya akiba ya maji kabla hata ya kusikia taarifa ya habari. Majira ya baridi ya 2018 kuingia 2019 mvua ilikuwa ya neema, na 2020 bwawa lile lilijaa likamwaga. Miaka mingine linabaki tope na kanisa.

Mwaka 2008 ilikuwa mbaya zaidi. Mabwawa yalikauka kiasi kwamba serikali ya kusini ilikodi meli za mafuta kuleta maji ya kunywa kutoka Ugiriki. Maji kwa meli! Mitambo ya kuchuja chumvi ya bahari ilikuwepo tangu 1997, ule wa Dhekelia ulikuwa wa kwanza, lakini haikutosha, ndipo wakaongeza mingine. Leo miji ya kusini inakunywa bahari kwa kiasi kikubwa, na bahari hiyo inachujwa kwa umeme, umeme kwa sehemu kubwa unatokana na mafuta ya kuagiza. Kwa hiyo mvua ikikosekana Januari, unaweza kuilipia kwenye bili ya Julai.

Kaskazini sisi maji yanatoka Uturuki. Bomba limepita chini ya bahari kilomita 80, halijalala sakafuni maana ni kina kikubwa mno, limening'inizwa ndani ya maji kwa nyaya. Lilizinduliwa Oktoba 2015, uwezo wake mita za ujazo milioni 75 kwa mwaka. Januari 2020 likakatika, miezi ya mateso ikafuata mpaka lilipounganishwa. Pamoja na yote hayo, kila nyumba ina tangi juu ya paa. Ulizia ukubwa wa tangi kabla ya kulipa kodi, na mnagawana wangapi. Pembeni ya tangi utaona kioo cheusi: maji ya kuoga yanachemshwa na jua, bure, karibu mwaka mzima. Desemba na Januari siku za mawingu unawasha swichi ya umeme, na ndipo ugomvi wa wapangaji unapoanzia.

Jirani wa Lefke:

Nakazia hapo kwa swichi. Sisi tumefikia kuandikiana ratiba mlangoni.

Niongeze moja, mvua yenyewe ikija haina adabu. Desemba 2018 barabara ya mlimani kati ya Girne na Nicosia ililetewa mafuriko, vijana 4 wakasombwa na gari lao. Maji yakipita juu ya barabara usivuke, hata kama dereva wa teksi anakwambia anaijua. Idara ya hewa ya kusini inatoa tahadhari kwa rangi: njano, machungwa, nyekundu. Hata sisi wa kaskazini tunaifuata maana mawingu hayana kituo cha ukaguzi.

BintiKongowea:

Jamani mmetisha watu sasa. Hakuna mwezi mzuri huko?

Jirani wa Lefke:

Wapo dada, tena wazuri. Mimi nipo magharibi, eneo la machungwa, Güzelyurt ni jirani zetu. Kuanzia Desemba malori ya machungwa yanapita, unaokota yaliyodondoka barabarani. Februari lozi zinachanua, mti mtupu hauna jani, maua tu. Machi uwanda mzima ni kijani na maua ya njano, huwezi kuamini ni pale pale palipokuwa jangwa la vumbi Septemba. Wamama wa huku wanatoka na visu kuchuma mboga za porini, na mmoja alishangaa kuniona najua la kufanya na majani ya aina ya mlenda. Mei mwishoni kila kitu kimekuwa rangi ya dhahabu, kombaini zinavuna shayiri. Oktoba na Novemba zeituni. Nenda ukaombe kibarua cha zeituni, wanafunzi wengi tunapata hela ya kodi pale.

Na ndege! Mwishoni mwa Agosti mpaka Oktoba mbayuwayu na keremkeremu wanapita kwa makundi wakielekea kwetu. Wao wana akili, wanaondoka kabla ya baridi.

Sista Duu:

Wanapishana na mdogo wangu angani.

Kanzu Nyeupe:

Swali la haraka. Saa zenu na zetu zinatofautianaje? Na Ramadhani ikiangukia baridi mnafunga saa ngapi?

Nyerenyere:

Kiangazi saa zetu ni sawa na Dar na Nairobi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, tunakuwa nyuma yenu saa moja, mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Kulikuwa na kituko 2016, kaskazini wakafuata Uturuki wakakataa kurudisha saa, kisiwa kimoja kikawa na saa mbili na watoto wakienda shule gizani. Mwaka uliofuata wakaacha.

Ramadhani ya baridi ni nyepesi, siku fupi na hakuna kiu. Inavyosogea, 2030 itaingia mara mbili mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mkija kusoma shahada ya miaka 4 sasa hivi mmebahatika. Waliofunga ya Juni na Julai miaka ya 2014 na 2015 waulizeni.

Sista Duu:

Kaka swali la mwisho kabisa halafu nakuacha ulale. Anafika tarehe 20 Septemba. Hita anunue lini, na ya aina gani? Plagi zetu zinaingia?

Nyerenyere:

Plagi zinaingia, ni zile zile za pini 3 za Kiingereza kama zetu.

Akifika asinunue kitu wiki ya kwanza, atakuwa anatoka jasho. Katikati ya Oktoba aingie kwenye makundi ya wanafunzi, wapo wanaohama nyumba wanauza hita za mafuta, zile zenye mapezi kama radieta ya gari. Hizo zinachelewa kupasha lakini hazina mwali. Zile za waya mwekundu ziko rahisi, ila zinakula umeme na mtu akilala nguo ikiangukia hapo ni balaa. Kabla ya hita lakini, anunue mpira wa kuziba upenyo wa madirisha na zulia la kuweka miguu anaposoma. Kama bado hajalipa nyumba, mwambie atafute chumba kinachotazama kusini. Jua la baridi linapita chini upande huo, linaingia mpaka kitandani, na Julai linapopanda juu haliingii. Ghorofa ya chini inayotazama kaskazini asikubali hata kwa punguzo.

Sista Duu:

Alishalipa. Ngoja nimuulize inatazama wapi.